Steki na mayai kwa kikaango kimoja: shajara ya majaribio

Ninachokitaka si kikubwa. Sahani mbili, kila moja na kipande cha nyama chenye ukoko wa kahawia iliyokolea, pembeni mayai macho mawili, ute umeshika na kiini bado kinatiririka. Vyote vifike mezani vikiwa vya moto. Kikaango ni kimoja na walaji ni wawili: mimi, ninayependa nyama yenye wekundu ndani, na dada yangu, ambaye wekundu wowote kwake ni nyama mbichi. Nimepika steki na mayai kwa kubahatisha miaka mingi. Safari hii naandika kila jaribio ili nijue nini kiliharibu nini. Anayetaka kuiga aanzie na tarehe 1 Machi, akikwama arudi nyuma.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Vipande viwili vya sarara, unene sentimita moja na nusu, kutoka kwenye friji na pakiti yake moja kwa moja hadi kwenye kikaango kisichonata. Kwanza nikasikia chwaa, nikafurahi. Baada ya nusu dakika sauti ikafifia, ikawa ya sufuria inayotokota. Nyama ilikuwa inaogelea kwenye maji yake yenyewe. Dakika nane baadaye nilipakua vitu viwili vya kijivu, vigumu, visivyo na harufu yoyote ya kukaangwa.

Tatizo ni maji. Uso wa nyama ukiwa na unyevu haupandi sana juu ya nyuzijoto 100 hadi maji yote yageuke mvuke, na rangi ya kahawia pamoja na ile harufu yake hujengeka kwa kasi uso ukipita takriban nyuzijoto 140. Mmenyuko huo huitwa wa Maillard, kwa jina la mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912. Mimi moto wangu wote uliishia kuchemsha maji. Zamu ya kukaanga ilipofika, ndani palishaiva zamani.

Kikaango nacho hakikuwa cha kazi hii. Utando wa kikaango kisichonata haupendi moto mkavu mkali. Ukipita nyuzijoto 260 hivi huanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa. Nimekistaafisha.

Gharama: vipande viwili (vililiwa kwa adabu tu) na mayai manne yaliyopoa wakati nikibishana na nyama.

Jumapili, 12 Januari

Kikaango cha chuma kile kizito cheusi, kilichokuwa kimefichwa chini ya masufuria. Nyama nikaikausha kwa karatasi za jikoni hadi karatasi ikawa inatoka kavu. Ukoko ukaja, na ulikuja vizuri, ila nilianza na siagi. Siagi ina maji na chembe za maziwa ndani yake, na chembe hizo huungua mapema sana, mafuta yenyewe yakiwa hata hayajaanza kutoa moshi. Kufikia dakika ya pili jikoni hapaonekani, king'ora cha moshi kinalia, na dada amesimama mlangoni na taulo akipepea kama anayefukuza nyuki.

Mayai nikayavunjia humo humo. Yakatoka na vidoadoa vyeusi, chini yameungua, juu ute bado maji. Jambo la ajabu, dada aliipenda ile kingo iliyokauka na kugeuka kama lesi. Nimeiandika, kwa sababu ladha ya mtu haipingwi kwa hoja.

Tangu leo: kuanza ni kwa samli au mafuta yasiyo na harufu, siagi inaingia mwishoni kabisa. Samli ni siagi iliyokwishaondolewa maji na zile chembe, ndiyo maana inavumilia moto.

Jumamosi, 18 Januari: chumvi

Nilikuwa na vipande vitatu kutoka mnofu mmoja. Cha kwanza nilikitia chumvi jana wakati kama huu, nikakiacha wazi kwenye friji juu ya wavu. Cha pili dakika kumi kabla ya kukaanga. Cha tatu kwenye sekunde ya mwisho.

Cha dakika kumi ndicho kilichoshindwa vibaya, nami ndivyo nilivyokuwa nikifanya siku zote. Chumvi huvuta maji kutoka ndani, na dakika kumi ni wakati ambao maji hayo yamesimama juu ya nyama kama jasho. Ukikaanga hapo unarudi Jumamosi iliyopita. Ukisubiri angalau dakika arobaini, maji yale huyeyusha chumvi na kuanza kurudi ndani nayo. Ukisubiri usiku kucha bila kufunika, uso unakauka hadi unakuwa kama ngozi ya ngoma na chumvi imeingia ndani, haijakaa juu tu. Kipande cha tatu kilipata ukoko mzuri lakini ndani palikuwa doro.

Kipimo changu: gramu 10 za chumvi kwa kilo ya nyama. Pilipili manga naitia baada ya kukaanga, maana kwenye moto mkali inaungua na kuwa chungu. Kuna watakaonikatalia, na wanipe sahani yao niionje.

Jumamosi, 25 Januari: kipimajoto

Hadi leo nilikuwa nikibonyeza nyama kwa kidole kama mtaalamu. Kidole changu hakijui lolote. Nimepata kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, na vipande vya mbavuni vya unene wa sentimita tatu na nusu, kwa sababu kipande chembamba kinaiva ndani kabla ukoko haujafika, hakuna ufundi wa kukiokoa.

Nilitaka nyuzijoto 56. Nikaitoa kwenye moto kipimajoto kikisoma 56, nikaiweka pembeni, nikaikata. Ndani kijivu chote, mstari mmoja tu mwembamba wa waridi katikati. Nikarudia na kipande cha pili, nikakitoa kwenye 52. Kijivu kile kile, kimepungua kidogo.

Jumapili, 26 Januari

Nimekesha na jambo hili. Makosa yalikuwa mawili yaliyopandana, ndiyo maana sikuyaona.

La kwanza: nyama haiachi kuiva ukiitoa motoni. Nje ni moto kuliko ndani, na joto linaendelea kusafiri kuelekea katikati. Kwa kipande kinene kilichotoka kwenye moto mkali, nimepima kupanda kwa nyuzijoto tano hadi sita. La pili: kipimajoto chenyewe kilikuwa kinadanganya. Nilijaza bilauri barafu, nikaongeza maji kidogo, nikakoroga, nikachovya. Kilipaswa kusoma sifuri. Kikasoma nne chini ya sifuri. Yaani nilipoona 56 nyama ilikuwa 60, kisha ikapanda yenyewe kuelekea 66. Hapo hakuna waridi anayebaki.

Kipimajoto changu kina skrubu ndogo nyuma ya kioo, nimekirekebisha. Fanyeni jaribio la barafu siku mnapokinunua. Mimi lilinigharimu vipande viwili vya mbavuni, ambavyo ndivyo vilivyoniuma kuliko vyote katika shajara hii.

Jumamosi, 1 Februari: kipande cha dada

Kipande changu leo kilitoka kwenye 50, kikapumzika, kikaishia 56. Hatimaye. Nilikikata mbele ya dada kwa majivuno.

"Mdogo wangu, hii nyama bado inamwita mama yake."

Nikamweleza kwamba yale maji mekundu si damu. Damu imeshatoka wakati wa kuchinja. Ni maji ya nyama yenye myoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli, na ndiyo inayobadilika rangi kutoka wekundu kwenda kijivu joto linavyopanda. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa. Sasa rudisha motoni."

Nikarudisha, ikawa soli ya kiatu. Hapo nikatambua kwamba nilikuwa nimeupangia mradi mzima mdomo wangu. Nyama iliyoiva kabisa si kosa la kupika. Ni kipimo kingine cha joto, na kina mbinu zake kama changu.

Ninavyoelewa: kuanzia nyuzijoto 50 hivi protini za nyama huanza kujikunja, na kupita 65 zile ngumu zaidi nazo hukaza, zikikamua maji kama mtu anayekamua kitambaa. Huwezi kuzuia. Unachoweza ni kuchagua kipande ambacho kukauka hakutaonekana sana, na kukifikisha hapo polepole bila kupitiliza. Sarara haina mafuta, ikifika 70 haina cha kuificha. Kipande cha mbavuni chenye mishipa ya mafuta ndani kinavumilia. Nikakipika cha dada kwenye oveni ya nyuzijoto 120 hadi ndani pakafika 64, nikakibabua kikaangoni dakika moja kila upande, kikaishia 70. Nikakikata vipande vyembamba kukatiza nyuzi za nyama, si kufuata nyuzi, nikadondoshea siagi.

Akala bila kusema neno. Kwa dada, hiyo ni sifa.

Na kwa kuwa nimetaja vipimo: Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyuzijoto 63 na kupumzisha dakika tatu kwa nyama nzima, na 71 kwa nyama ya kusaga. Mimi nakula chini ya hapo kwa hiari yangu, kwa sababu kwenye kipande kizima vijidudu hukaa zaidi juu, ambako moto unawafikia. Nyama iliyosagwa au iliyotobolewa kwa sindano za kulainishia imeshachanganya juu na ndani, hiyo siichezei. Wala simpi mjamzito, mtoto mdogo au mzee nyama ya 56 au kiini kinachotiririka.

Jumapili, 2 Februari

Fupi. Ile oveni ya dada imenifungua macho: kwa nini nisipike chote kwa njia hiyo, polepole kwanza, moto mkali mwisho? Rafiki mmoja akapinga, eti ni lazima kubabua kwanza ili "kufunga maji ndani". Wazo hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katikati ya karne ya 19, na si kweli. Ukoko si kizibo. Usikilize: ule mchirizo unaousikia baada ya kubabua ni maji yanayotoka. Nilipima kwa mizani vipande viwili vilivyolingana, kimoja kimebabuliwa mwanzo, kingine mwisho. Tofauti ya uzito baada ya kuiva haikufika gramu tano, na kilichobabuliwa mwanzo ndicho kilichopoteza zaidi.

Jumamosi, 8 Februari

Oveni kwanza, kwa vipande vyote. Nyuzijoto 120, nyama juu ya wavu hewa ipite chini. Changu kilifika 48 baada ya dakika thelathini na mbili, cha dada kikahitaji kama dakika kumi na tano zaidi. Uso umekauka kabisa, kwa hiyo ukoko ulikuja ndani ya dakika mbili badala ya tano, na moshi ulikuwa robo tu ya ule wa Januari. Nageuza kila sekunde thelathini. Wanaosema nyama igeuzwe mara moja tu sijui walilitoa wapi. Kugeuza mara kwa mara kunaivisha kwa usawa zaidi na ukoko unakuja vile vile.

Kikaango kipashwe moto hadi tone la maji likidondoka lijikunje kama shanga na kukimbia. Likitulia na kuchemka, bado.

Faida nyingine ya njia hii: joto likianzia chini, nyama haipandi sana ikipumzika. Nyuzijoto mbili au tatu, si sita. Nimebadilisha hesabu: changu sasa kinatoka kikaangoni kwenye 53.

Kazi ya nyama naihesabu imekamilika. Mayai bado ni aibu.

Jumamosi, 15 Februari: mayai, na msiba

Shida ya mlo huu nimeielewa leo. Nyama inataka kikaango chenye nyuzijoto mia mbili na zaidi. Yai linataka upole: ute huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi na kukaza kabisa karibu na 80, kiini huanza kuwa kizito kuanzia 65 na kuganda karibu na 70. Ukilivunjia yai kwenye chuma kilichotoka kubabua nyama, chini linaungua kabla juu halijashtuka. Na chuma kizito hakisahau haraka. Unaweza kuzima moto na dakika mbili baadaye bado kinakaanga.

Zaidi ya hapo kuna yale mabaki ya kahawia yaliyogandia chini. Ni matamu kuliko kitu chochote, lakini yai linayashika na kunata.

Basi nikawaza: nimwage maji kidogo, yapoze chuma, yabandue mabaki, nipate mchuzi wa kumiminia nyama, kisha nikifute kikaango na kuanza upya na samli safi. Wazo zuri. Ila badala ya maji ya moto kidogo, nilimwaga kikombe kizima cha maji ya friji. Kikaango kikalia *tak!* kama tawi kavu, mvuke ukanipiga mkononi, na maji yakaanza kuchirizika jikoni kupitia ufa uliotoka ukingoni hadi katikati.

Chuma cha kusubu hakipendi mshtuko wa baridi. Nilikuwa najua. Nilikuwa na haraka.

Gharama: kikaango, ambacho kilikuwa na mafuta ya miaka mingi kwenye vinyweleo vyake. Malengelenge mawili. Mayai manne yaliyosubiri kwenye bakuli hadi kesho yake.

Jumamosi, 22 Februari

Kikaango kipya cha aina ile ile, kikahitaji kuzoeshwa mafuta. Mara ya kwanza nilikipaka mafuta ya kutosha, nikidhani wingi ni ukarimu. Yakatoka oveni yamekuwa gundi, yananata kama asali iliyokauka. Nikakisugua chote, nikaanza upya: paka mafuta, kisha yafute kama vile ulikosea kuyapaka, hadi chuma kionekane kikavu. Oveni nyuzijoto 230, saa moja, kiache kipoe humo humo. Nimerudia mara nne. Tabaka jembamba ndilo linalogeuka kuwa utando mgumu. Nene linabaki nta.

Wakati wa kungoja nikajifunza mayai kwenye kile kikaango kisichonata nilichokistaafisha. Kumbe hapa ndipo kwake.

Yai lililokaa muda mrefu lina ute mwepesi unaotambaa kikaango kizima. Ukilivunjia kwanza kwenye kichujio chenye matundu madogo na kulitikisa kidogo, ule ute wa maji unadondoka chini, unabaki ute mzito uliokizunguka kiini. Yai linakaa duara, halina mikia. Kwa moto mdogo, kijiko kimoja cha maji pembeni na mfuniko, mvuke unapika ute wa juu bila kugusa chini kwa ukali. Sekunde tisini kwangu. Mia moja na hamsini kwa dada, kiini kinashika ukingo na kubaki laini katikati. Kuteka mafuta ya moto kwa kijiko na kuyamwagia yai kunafanya kazi pia, ila mafuta ya nyama yalilitia madoa.

Jumamosi, 1 Machi

Jaribio la mwisho, vyote pamoja. Chumvi tangu jana, nyama wazi kwenye friji.

Saa moja kamili asubuhi oveni imewaka. Cha dada kinaingia saa moja na dakika kumi, changu dakika kumi na tano baadaye, ili vifike pamoja. Saa mbili kasoro dakika tatu changu kinasoma 48, cha dada 65. Kikaango kimepashwa, tone la maji linakimbia. Vyote viwili vinabanwa kwa koleo ndani ya samli, geuza, geuza, ukingo wa mafuta nao usimamishwe nusu dakika. Changu kinatoka kwanza, cha dada baada yake. Vinapumzika kwenye wavu, si kwenye sahani, maana sahani inatega mvuke chini na kulowesha ukoko nilioupigania tangu Januari.

Na hapa ndipo kilipokuwa kitu nilichokitafuta miezi hii miwili. Nyama inahitaji dakika sita hivi za kupumzika. Kikaango kinahitaji dakika kama nne za kupoa. Mayai yanahitaji dakika mbili. Nilikuwa nikiyachukulia kama kazi tatu zinazogombania jiko, kumbe ni dakika zile zile sita. Moto nikazima. Nikasubiri dakika moja na nusu, nikamwaga vijiko vitatu vya maji ya *moto*, nikakwangua mabaki, nikamimina mchuzi kwenye kibakuli na kuutia donge la siagi. Nikafuta kikaango, nikangoja kidogo, samli kijiko kimoja, moto mdogo kabisa, mayai yaliyochujwa, mfuniko.

Mawili ya kwanza yakatoka kwa sekunde tisini. Moja lilinata upande mmoja. Kikaango bado ni kichanga, nitakisamehe. Ya dada nikayaacha zaidi. Nyama nikaikata, mchuzi juu, pilipili manga, mezani saa mbili na dakika tisa. Changu ndani 56. Cha dada 69, waridi hamna.

Jumla ya mradi, ili anayeiga ajue: vipande visivyopungua kumi na saba, ambavyo sita havikustahili jina la steki, mayai hayapungui thelathini, kikaango kimoja, malengelenge mawili, na king'ora cha moshi ambacho dada amekihamishia sebuleni bila kuniuliza.

Tulipokuwa tunakula nikamsimulia kwamba Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kurushwa angani, alikula nyama ya ng'ombe na mayai asubuhi ile ya 5 Mei 1961 kabla ya kupanda roketi.

"Mayai gani? Macho?"

Nikasema hapana, yalikuwa ya kuvuruga.

"Basi wiki ijayo nitengenezee hayo," akasema, akafuta mchuzi wake kwa kipande cha mwisho.

Jumapili, 2 Machi

Mayai ya kuvuruga, jaribio la kwanza, ndani ya kikaango cha chuma. Yamenata yote.